Mume Wangu Alinifunga kwa Shaba ya Ziwani

Nina miaka ishirini na sita. Ninaishi katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la nguo mjini Kisii, na barua hii nimeianza na kuirarua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele ya watu. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Mstari ukipinda kidogo tu, sipati usingizi. Nikifagia, narudia. Nikiandika herufi mbaya, roho inaniuma kana kwamba nimemtukana mtu.

Lakini leo sitarudia tena. Iwe mbaya, iwe nzuri, someni hivyo hivyo...

Nilizaliwa karibu na Nyamarambe, katika nyumba ya Kisabato. Baba yangu ni mzee wa kanisa, mkulima wa ndizi na kahawa. Nilifika kidato cha pili, karo ikakatika, nikarudi nyumbani kupalilia. Sikukubali kwamba masomo yameisha. Nilijifunza kuchora kwa makaa juu ya magunia ya karatasi. Nilichora jani la mgomba mpaka mama akasema nitapata wazimu. Nilisoma kitabu kimoja cha sayansi kisichokuwa na jalada hadi kurasa zake zikawa laini kama kitambaa.

Kazi niliipata mjini Kisii, katikati ya miaka hii ya sabini, kazi ambayo hata leo nikiieleza watu hunicheka. Nilikuwa ninaosha meli!

Msicheke. Chini huko kwenye ziwa, mbali na milima yetu, kulikuwa na meli ndogo ya kivita iliyozama wakati wa vita vya Mjerumani, vile ambavyo babu zetu walibebeshwa mizigo bila kuulizwa. Serikali ilileta wapiga mbizi waichunguze. Mkuu wao aliitwa Mutiso, Mkamba aliyejifunza kupiga mbizi pwani, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Ziwani hapakuwa na nyumba yenye stima na maji safi ya bomba, kwa hiyo vitu vyote walivyovitoa vililetwa kwa lori hadi ghala moja mjini Kisii. Walitaka msichana mwenye mkono mwepesi na mwandiko safi. Nikachukuliwa.

Je, mnajua kwamba ubao uliokaa chini ya maji miaka mingi ukianikwa juani hupasuka kama muhogo mkavu? Mimi sikujua. Nilifundishwa na Mutiso kidogo, mengine nikajifundisha. Mbao tuliziweka ndani ya mapipa ya maji, tukabadilisha maji hayo taratibu. Shaba niliisugua kwa brashi laini kama ya kumsafisha mtoto masikio. Kila kipande nilikichora, upande huu na upande ule, na mchoro ukiwa na kosa dogo niliuchana.

Siku moja walinipeleka ziwani. Mimi mtu wa milimani, nisiyejua kuogelea! Walinipa kisanduku chenye kioo chini, nikakisukuma ndani ya maji nikaangalia. Maji ya pale huwa ya tope, lakini asubuhi hiyo yalikuwa yametulia. Nikaiona... ubavu wake mrefu, mweusi, umelala kama ng'ombe aliyechoka. Nililia, na sikujua ninalia nini.

Mutiso aliniambia kwamba wapiga mbizi huifanya kazi hiyo karibu kwa kupapasa, kamba yenye mafundo mkononi, tope hadi machoni. Akaniambia pia kwamba kwenye chumba cha chini waligusa mifupa ya watu. Hawakuitoa. Waliifunika tena kwa mchanga. "Hawa ni watoto wa watu, Kerubo," alisema. "Wengine huenda ni wa huku kwenu." Toka siku hiyo sikuiita meli tena. Niliiita kaburi.

Hapo ndipo Onchari alipoingia maishani mwangu.

Onchari alitoka Nyansiongo, kwa mama mjane mwenye shamba zuri la mahindi na ng'ombe wa maziwa, kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi. Yeye mwenyewe alifanya biashara Keroka. Aliniambia anasafirisha mahindi kwa lori. Alikuwa mcheshi, wasomaji wenzangu! Alikuwa akisimama mlangoni pa ghala na kofia yake mkononi, akisema, "Kerubo, wewe unaosha vyuma kuliko unavyojiosha mwenyewe. Nikizama ziwani mimi, utanisugua hivyo?"

Mzee Ombati, mlinzi wa ghala, alikuwa akimjibu kabla yangu. "Wewe zama kwanza, kijana. Tutaona kama una thamani ya brashi."

Tulicheka sote watatu. Mzee Ombati alikuwa kama baba kwangu pale mjini. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini siku nzima. Onchari hakukosa kumletea ugali na mboga za chinsaga alizopika mwenyewe, au alizosema amepika mwenyewe.

Nilimpenda. Mnataka niseme nini zaidi? Alikuwa mtu wa kwanza kukaa na kusikiliza nikieleza kazi yangu bila kupiga miayo. Aliuliza hili, akauliza lile. Shaba hii ni ya nini? Hiyo alama ni ya nini? Nani hasa ana ruhusa ya kuichukua meli? Mimi nikajibu yote kwa furaha! Msichana anayependa kazi yake akipata mtu wa kumsikiliza, atamficha nini?

Alama aliyoiulizia ilikuwa hii. Miongoni mwa fito za shaba zilizofunga mbao za meli, fito nyembamba kama kidole, tulipata tatu zilizogongwa alama ya mshale. Mutiso alipoziona alikaa chini kabisa sakafuni. Alituambia mshale ule uligongwa kwenye mali ya serikali ya Mfalme wa Kiingereza, si kwenye meli ya mfanyabiashara. Moja ya fito hizo naikumbuka mpaka leo kuliko uso wa mama yangu. Aliyeigonga zamani zile mkono ulimteleza akagonga mara mbili, mishale miwili ikapandana kama nyayo za kuku. Nilihangaika nayo kutwa nzima mpaka mchoro ukakaa sawa.

Muda si mrefu habari mbaya zikaja. Wafanyabiashara fulani wa vyuma chakavu walikuwa wameomba kibali cha kuivunja meli ile. Walidai ilikuwa meli ya kawaida ya mizigo, haina mwenyewe, haina faida, ni chuma tu. Kama ni ya mizigo, kibali kingetolewa. Kama ni meli ya vita iliyozama na watu wake, sheria ingeilinda na hakuna ambaye angeruhusiwa kuigusa. Afisa angetumwa kutoka Nairobi kusikiliza pande zote mbili pale Kisii. Hadi siku hiyo, amri ilitoka kwamba hakuna mpiga mbizi wa kushuka. Hakuna kutoa kitu, hakuna kuongeza kitu.

Kwa hiyo ushahidi wetu wote ulikuwa zile fito tatu. Picha zilikuwa hazijapigwa, tulikuwa tunamngoja mpiga picha. Michoro yangu ilikuwepo, lakini Mutiso alisema wale watu watauliza, nani hawezi kuchora mshale?

Basi... Sabato moja nilikwenda kanisani kama kawaida. Jumapili tulipofungua ghala, fito tatu hazikuwepo.

Siwezi kuwaeleza nilivyohisi. Nilitafuta ndani ya kila pipa. Nilitia mikono yangu hadi mabegani katika maji. Mzee Ombati alisimama mlangoni. Alisema mtu aliyefika pale ni Onchari tu, alileta chakula mchana, wakala pamoja, na huenda yeye alisinzia kidogo baada ya kushiba. Polisi wakaniuliza juu ya Onchari. Nikawaambia kwa hasira kwamba mchumba wangu alikaa kanisani nami asubuhi ile, tena kwenye benchi moja, tukaimba kwenye kitabu kimoja! Kwamba yeye husafirisha mahindi tu! Ilikuwa kweli kwamba asubuhi tulikuwa pamoja. Mchana sikujua alikuwa wapi. Sikuulizwa, na mimi sikujiuliza.

Mzee Ombati akapelekwa rumande. Alipopita karibu nami hakunilaumu. Alisema tu, "Badilisha maji ya mapipa, mwanangu. Mimi sitakuwepo."

Harusi yetu ilikuwa imekaribia. Tulikuwa tumekubaliana iwe ya kanisa. Lakini mama mkwe wangu, tuliyemwita Omong'ina, yaani mama mzee, mwenye sauti kama kengele, alikataa katakata. Mwanawe wa pekee aoe kwa karatasi ya mchungaji peke yake? Alitaka enyangi, ndoa kubwa ya kimila ambayo siku hizi ni familia chache zinazoifanya. Na katika enyangi, bibi harusi huvishwa ebitinge, vikuku vizito vya miguuni.

Ninyi msiotoka Gusii huenda hamjui ebitinge. Si pambo. Ukishavishwa, umeolewa hadi kaburini. Ukimkimbia mumeo na kuzaa kwingine, watoto ni wake. Hakuna mzee atakayeivunja ndoa hiyo. Na vikuku havivuliwi mpaka siku moja tu... siku mumeo anapokufa!

Baba aliposikia alisema Msabato hajipambi kwa vyuma, tena vya mila. Akasema nikivivaa, mlango wake nisiujue. Mama alilia jikoni. Onchari naye alinishika mkono akaniambia, "Ni mama yangu tu, Kerubo. Mpe siku moja. Sisi tutaishi maisha yetu." Nikampa siku moja. Baba hakuhudhuria.

Vikuku vilikuwa vya shaba, ingawa vya zamani vilikuwa vya chuma. Onchari alisema amenunua shaba safi kwa ajili yangu, chuma kinashika kutu. Wanawake walipiga vigelegele. Mhunzi akavibana miguuni pangu kwa nyundo, na kila pigo nililisikia katika meno. Kanisa likanifuta. Kazi nayo Onchari akanikataza, akisema mke wa enyangi hafanyi kazi ya mapipa kati ya wanaume.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Nyansiongo, napalilia mahindi ya Omong'ina. Mwali mpya hatembei ovyo. Nikienda mtoni nafuatwa. Nikikaa kimya naulizwa nawaza nini. Akiwa na furaha Omong'ina aliniita mokamwana, yaani mke wa mwanawe, na akiwa amekasirika aliniita "yule wa kusugua vyuma". Tayari nilikuwa na mimba.

Jioni moja nilikuwa naosha miguu baada ya palizi. Kikuku cha mguu wa kushoto kilikuwa kimenichubua, nikakizungusha nipake mafuta. Kidole gumba kikapita upande wa ndani wa shaba...

Kidole hiki kilichosugua vipande vingi namna ile hakiwezi kudanganywa! Kulikuwa na mkwaruzo. Nikakizungusha kikuku tena. Mkwaruzo, na mwingine juu yake. Nikachukua kipande cha kioo cha Onchari cha kunyolea ndevu, nikakiingiza kati ya mguu na kikuku, nikainama mpaka shingo ikauma.

Nyayo za kuku. Mishale miwili iliyopandana.

Mhunzi hakuifua fito ile. Aliipasha moto, akaikunja tu. Ushahidi wa meli nzima, kaburi la watoto wa watu, uhuru wa Mzee Ombati... vyote nilikuwa navitembeza mashambani miguuni mwangu mwenyewe!

Onchari aliporudi nilimwonyesha. Nilidhani atashtuka. Alicheka! Hakukana hata kidogo. Aliniambia kwamba yeye na wenzake ndio walioomba kibali, kwa jina la mwenzake mmoja, na kwamba mahindi aliacha kuyasafirisha zamani. Fito mbili wameziyeyusha. Ya tatu mama alitaka vikuku, na shaba ilikuwa ya bure mkononi, angenunua nyingine ya nini?

"Kwa hiyo ulinioa kwa ajili ya ghala?" nilimuuliza.

"Nilikuja kwa ajili ya ghala," alisema. "Nikakuoa kwa sababu unapika vizuri. Usinifanye mtu mbaya."

"Nitawaambia. Nitavivua niwaonyeshe."

Aliukunja mguu juu ya mguu, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyefungwa kamba. "Nani atakuvua, Kerubo? Labda nife. Mimi naonekana mgonjwa?"

Mnaelewa sasa nilivyonaswa? Kwa baba siwezi kwenda, nina vikuku. Vikuku siwezi kuvua, mume yu hai. Mume siwezi kumwacha, nimefanya enyangi. Na mzee asiye na hatia amelala sakafuni rumande akiimba nyimbo zake!

Siku ya soko nilifuatana na Omong'ina kwenda Keroka kuuza maziwa. Alipokuwa anagombana na mteja, nikachomoka nikakimbilia kwa mhunzi. Alikuwa mzee mfupi, amekaa mbele ya moto wake, anatengeneza jembe. Nikamwomba avikate.

Aliikatiza shikamoo yangu kwa mkono. "Pole sana. Onchari alikufa lini?"

"Hajafa."

"Hajafa." Alitoa jembe motoni, akalitazama, akalirudisha. "Basi wewe unataka nimuue mimi."

Nikamweleza habari za meli, ziwa, mlinzi. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Binti, nimetengeneza mapanga mengi. Sijui yamefanya nini huko nje, hiyo si dhambi yangu. Lakini kumuua mtu kwa tupa, amekaa kwake anakunywa chai, hiyo sijawahi. Nenda. Na usimwambie mtu ulikuja hapa, wateja wangu wana wake."

Omong'ina alinikuta nikitoka. Hakunipiga. Alinishika mkono kama mtoto, akanirudisha nyumbani.

Usiku na mchana nikawa nawaza, mpaka siku ya kusikilizwa ikafika. Na hamtaamini nani alinipeleka Kisii... Onchari mwenyewe! Alikuwa amepata wazo. Mimi ndiye niliyeisugua kila fito, ndiye niliyechora. Nikisema mbele ya afisa kwamba fito hazikuwa na alama yoyote, kwamba mishale niliiongeza mwenyewe ili mchoro upendeze, Mutiso angekuwa hana la kusema. Alininunulia gauni jipya, refu hadi chini kabisa. Njiani aliniambia maneno machache tu. Ukisema vinginevyo, mtoto akizaliwa ni wa ukoo wetu. Utamzaa, utamwacha.

Chumba kilijaa. Mutiso na wenzake upande mmoja, Onchari na washirika wake upande wa pili, Omong'ina kwenye kiti karibu na mlango. Mzee Ombati aliletwa na askari. Alikuwa amekonda hata kola ya shati ilionekana ya mtu mwingine. Afisa alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye miwani.

Alipoita jina langu, Onchari alinigusa mgongoni.

Nilisimama. Nilitaka kusema vizuri, nilikuwa nimepanga sentensi zangu kama mtihani. Zote zikapotea! Nikasema tu, "Bwana, alama ipo. Nimeivaa."

Nikainua gauni lile jipya hadi juu ya vifundo vya miguu, mbele ya wanaume wote wale. Kicheko kikaanza, kikafa. Nikaeleza kwamba mishale iko upande wa ndani, haionekani mpaka kikuku kikatwe.

Onchari akaruka. "Hiyo haiwezekani! Hizo ni ebitinge! Huyu ni mke wangu wa enyangi, hata Rais hawezi kumkata!"

Afisa aliwauliza wazee waliokuwepo maana ya maneno hayo, wakamweleza. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema serikali haitamkata mke wa mtu vikuku vya ndoa. Pia haitamzuia mwenye miguu. "Mama," aliniambia, "uamuzi ni wako peke yako."

Wangu peke yangu! Nani alikuwa ameniambia maneno hayo tangu nizaliwe?

Mutiso alikwenda kwenye gari akaleta msumeno mdogo wa chuma, ule wanaoshuka nao majini. Akapiga goti akauliza kama anikatie. Nikamwambia hapana. Sikutaka mtu yeyote aseme kwamba mwanamume mwingine ndiye aliyenivua. Nikaweka mguu juu ya kiti, nikaanza.

Wakati msumeno ulipotoa sauti ya kwanza, Omong'ina alipiga yowe. Ndugu zangu, lile si yowe la hasira. Lilikuwa la msiba, lile lile la kutangaza maiti! Akajitupa chini, akashika kichwa, akaanza kumlilia mwanawe kwa majina yake yote, ya utotoni na ya baba zake.

"Mama, nyamaza!" Onchari alipiga kelele. "Si niko hapa! Mama, niangalie, niko hapa!"

Alimwangalia, akalia zaidi.

Nilijikata ngozi kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikata mstari uliopinda vibaya kabisa, na sikuurudia. Shaba ikaachia. Mutiso na wenzake wakaipanua kwa koleo, afisa akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kisha akamwita Onchari aje aone. Onchari hakuenda.

Meli ilipona. Ikatangazwa kuwa meli ya vita na kaburi, hakuna wa kuivunja wala kutoa kitu ndani yake bila idhini. Mpaka leo imelala pale pale na watu wake. Onchari na wenzake walishtakiwa kwa wizi wakafungwa. Mzee Ombati aliachiliwa jioni ile ile. Nilimpigia magoti kumwomba msamaha kwa ushahidi wangu wa kwanza. Aliniinua akaniuliza kama nilibadilisha maji. Niliposema nilikatazwa, alisikitika kuliko alivyosikitikia rumande.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Mimi pia.

Binti yangu alizaliwa nyumbani kwa baba, Nyamarambe. Baba alikuwa amenifungulia mlango, akidhani nimevivua vikuku vyote viwili kwa ajili ya kanisa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilivivua kwa ajili ya watu waliolala ziwani. Akatikisa kichwa, lakini mlango hakuufunga. Mtoto alipoacha kunyonya, wazee wa Nyansiongo walikuja. Hawakugombana. Walikaa, wakala, wakasema kwa upole kwamba kukata shaba ni jambo moja na kukata enyangi ni jambo jingine. Mtoto, wakasema, ni wa ukoo wao. Nilimvisha binti yangu sweta niliyoifuma, nikawapa.

Siku hizi nimerudi kwenye mapipa yangu. Watu mjini huniita mjane wa mtu aliye hai. Wengine hunicheka, wengine hupita upande wa pili wa barabara. Hakuna mwanamume wa Gusii atakayenioa tena, na nikizaa, watasema ni wa Onchari. Siku ya soko naenda Keroka, nasimama karibu na wauza maziwa. Omong'ina huwa hapo na binti yangu. Amekuwa mrefu. Omong'ina huniona, huangalia pembeni, humwachia mkono mtoto kidogo anunuliwe mandazi. Ninamnunulia. Ananiita shangazi, na mimi naitika.

Je, najuta kuukata ule mduara? Nimejiuliza swali hilo nikiwa nimelala, nikiwa naosha mbao, nikiwa kanisani. Sijuti. Lakini naumia. Sikujua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo vyote viwili kila siku!

Dada zangu, nawasihi. Mwanamume akija anakusifia kazi yako, mshukuru, lakini angalia anauliza juu yako au anauliza juu ya mlango wa ghala. Usimtolee mtu ushahidi wa mchana kwa sababu mlikuwa pamoja asubuhi. Na kabla hujakubali kuvishwa chochote, kiwe cha mila au cha kanisa, muulize mbele ya wazee wake: siku ukinidhulumu, nitatokaje? Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka wakati miguu bado ni yako. Mimi niliona haya kuuliza, kwa sababu nilitaka harusi yangu isiwe na dosari hata moja.